Siku ya Vichwa

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipiga pasi nguo za hospitali, ndiyo maana wenzake walimwita Pasi, naye hakuwa mtu wa kununa kwa sababu ya jina. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, nyuma ya jiko, na mvuke wake ulikuganda mpaka kwenye kope. Mashuka yalinyooshwa na mashine. Makoti ya madaktari, yenye kola na mifuko na vifungo, yalitaka mkono wa mtu, na mkono huo ulikuwa wake. Angeweza kumaliza koti zima huku akisimulia mambo ya jana, na usione mkunjo hata kwenye kwapa.

Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mtoto wa kwanza kwao, hajaolewa na hana haraka. Mama yake alikuwa ameacha kumuuliza. Baba yake hakuwahi kumuuliza hata mara moja, na kwa hilo alimpenda zaidi.

Baba huyo alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa na kiti kimoja cha chuma kinachozunguka, kioo chenye ufa, na benchi ambalo nusu ya waliolikalia hawakuja kunyolewa, walikuja kusikiliza maneno. Wateja walimwita Daktari Kichwa. Kila mwisho wa mwaka, watoto wake wakirudi likizo, alifunga duka kwa siku moja, akabeba mkoba wa vifaa mpaka nyumbani, akaweka stuli uani karibu na bomba na kuwanyoa wote: wanawe wawili wa kiume, wajukuu, na jirani yeyote aliyejipitisha. Siku hiyo aliiita siku ya vichwa. Ilikuwa marufuku kuja nyumbani umeshanyolewa kwingine. Aliyethubutu alisimamishwa mbele ya watu na kuulizwa ni nani aliyemfanyia vile, kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kuripoti polisi.

Alifariki miezi minne kabla ya likizo ninayoisimulia. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe baada ya chakula cha mchana, gazeti mapajani. Mteja aliyeingia alisubiri karibu nusu saa, akidhani mzee amepitiwa na usingizi, na hakutaka kumkatisha.

Likizo ilipokaribia, Pasi alipigiwa simu na mdogo wake anayemfuata. Huyu alifanya kazi kwenye mizani ya malori barabara kuu, na watu walimwita Mizani. Mwili wake nao ulikuwa umeliitikia jina. Mizani alishauri mwaka huu Mama asafiri, aje kwake, abadilishe hewa. Mama alipofikishiwa shauri hilo alijibu kwamba hewa ya kwake haijaharibika, na anayetaka kumwona anajua mlango uko wapi.

Basi wakaenda. Pasi alifika wa kwanza, na begi moja na mkate mkubwa wa maziwa. Mizani alifika mchana na mkewe na binti yao wa miaka minane, ambaye ukoo mzima ulimwita Swali, kwa sababu hakuwahi kuishiwa. Jioni aliingia wa mwisho kuzaliwa, mwalimu wa hesabu, mrefu na mwembamba. Nyumbani aliitwa Kitindamimba, ingawa alikuwa na miaka thelathini na mitatu na ndevu.

Pasi alipowatazama wadogo zake vizuri aliona jambo. Mizani hakuvua kofia, hata mezani. Kitindamimba hakuwa na kofia, na nywele zake zilikuwa zimesimama kila upande kama za mtu aliyetishwa. Hakuna kati yao aliyekuwa ameguswa na mkasi tangu mazishi. Hawakuwa wamepanga. Kila mmoja kwa wakati wake alikuwa amesimama mbele ya duka la kinyozi fulani, akageuza miguu, akarudi alikotoka. Hilo waliambiana baadaye. Siku ile hakuna aliyelitaja.

Siku tatu za kwanza zilikuwa ngumu kwa namna ya kuchekesha, ila hakuna aliyecheka. Kila mtu alikuwa mpole kupita kiasi. Watu walizungumza kwa sauti ya chini, mlango ulifungwa kama wa chumba cha mgonjwa, na ua ulifagiliwa mara tatu kabla ya chai, kila mfagiaji akidhani yeye ndiye wa kwanza. Pasi na wifi yake waligombania vyombo vya kuosha kwa adabu kubwa, kila mmoja akisema "acha, nitaosha mimi," mpaka sahani ikawaponyoka na kuvunjika. Mama alizuiwa kunyanyua birika. Alizuiwa kuinama. Akienda chooni alikuta mtu amesimama koridoni, anajifanya anatafuta kitu. Kochi la Baba lililokuwa chini ya dirisha lilizungukwa, kama limepakwa rangi mbichi.

Siku ya tatu Mama alichukua khanga yake akasema anakwenda kwa jirani kuazima chumvi. Alikaa huko kwa muda wa saa tatu. Wifi alifungua kabati la jikoni akakuta pakiti mbili za chumvi ambazo hazijafunguliwa.

Aliporudi aliwakuta sebuleni, wamekaa kwa mstari.

"Mmekuja kunitembelea au kunilinda?" aliuliza.

Mama aliwatazama mmoja mmoja, akaingia chumbani kwake.

Asubuhi iliyofuata, walipomaliza chai, alitoka na mkoba wa ngozi wenye zipu iliyokatika, uliofungwa kwa kamba. Wote waliujua. Aliuweka juu ya stuli uani, akafungua fundo taratibu, akavitoa vifaa na kuvipanga juu ya taulo: mashine ya umeme, mikasi miwili, vitana, brashi ya shingo, chupa ya spiriti, kopo la poda. Mashine ilikuwa imepakwa mafuta. Inaonekana kwa jirani hakuwa amekwenda kwa ajili ya kupumzika tu. Alikwenda kuuliza mashine ya kunyolea inatunzwaje.

"Leo ni siku ya vichwa," alisema. "Siwezi kukaa na watoto wanaofanana na vichaka."

Mizani alishika kofia yake kwa mikono miwili. Kitindamimba, ambaye kazini alisifiwa kwa kupata jibu haraka, alisema kwamba njia panda kuna kinyozi, hata dakika kumi kwa miguu hazifiki. Mama alimtazama tu. Kinyozi wa njia panda alikuwa kijana aliyeitwa Spika, kwa sababu ya spika mbili kubwa alizoziweka mlangoni, zikitazamana na duka la Baba, na Baba hakuwa amemsalimia kwa miaka sita. Baba alikuwa akisema huwezi kunyoa kichwa cha mtu huku kinatikisika.

"Sasa atanyoa nani?" aliuliza wifi, na kusema kweli wote walikuwa wakijiuliza hilo.

Mama alimwonyesha Pasi kwa kidevu.

Pasi alikataa. Alisema yeye ananyoosha nguo, na nguo haina masikio. Mama alisema mkono ni mkono. Na kama umeweza miaka kumi na tisa kuzunguka vifungo bila kukivunja hata kimoja, utashindwa kulizunguka sikio? Mizani alijaribu kuingilia, akaambiwa kwa kuwa ana la kusema, aanze yeye.

Akakalishwa. Kofia ikavuliwa. Nywele zilikuwa zimebanwa miezi minne zikachukua umbo la kofia, na Swali aliuliza kama ndani yake kuna nyingine. Pasi alimfunga babake Swali shuka shingoni. Alipoiwasha mashine, ule mlio ukajaa uani, na kwa muda kidogo hakuna aliyemwangalia mwenzake. Kila mmoja alikuwa ameusikia mlio huo tangu akiwa mtoto, na daima ulikuwa na sauti ya mtu mmoja juu yake, inayosimulia. Wifi aligeukia kamba ya nguo akaanza kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Pasi alivuta pumzi, akaanza kisogoni. Ilikwenda vizuri. Nywele zilianguka, shingo ya mdogo wake ikatokea, nene, yenye kovu dogo alilolisahau. Alipanda taratibu kama anavyopandisha pasi mgongoni mwa koti. Mama aliketi kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, akifuatilia kila mstari.

"Shangazi," alisema Swali, aliyesogea mpaka karibu na kiwiko, "kwani umewahi kumnyoa mtu mwingine akapona?"

Kiwiko cha Pasi kikashtuka. Kile kitana cha plastiki kinachovaliwa na mashine kikachomoka kikaanguka kwenye maji ya bomba, na mashine, ikiwa meno matupu, ikapita moja kwa moja kutoka juu ya sikio hadi karibu na utosi. Ilipoinuliwa, kulikuwa na barabara. Nyeupe, pana, imenyooka kabisa, kwa maana mkono wa Pasi hata ukikosea ulikosea kwa unyoofu.

Pasi alizima mashine.

"Imekuwaje?" aliuliza Mizani. "Mbona kuna upepo?"

Mabega ya Mama ndiyo yaliyoanza. Yalitikisika bila sauti, halafu ukatoka mlio mwembamba, halafu akacheka wazi, kicheko cha tumbo ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu mwezi wa nane. Alijaribu kusema kitu akashindwa, akaonyesha kidole, akacheka tena. Kitindamimba alikaa chini kwenye saruji. Wifi alijifunika uso kwa shati bichi. Mizani alidai kioo, akapewa, akajitazama kwa makini sana, na kwa sauti ya kazini alisema lori la tani ishirini linapita hapa bila kugusa kingo.

Hapo hata Pasi alishindwa. Alicheka mpaka akashika bomba. Na katikati ya kicheko, bila kujua kimebadilika wapi, Mama alikuwa analia, na Pasi analia, na Mizani amekaa na shuka lake shingoni akiwashika wote wawili kwa mikono iliyojaa nywele. Swali alizunguka akimuuliza kila mtu kama hiki ni kicheko au ni kilio. Babu yake angempa jibu refu. Mama yake alimwambia ni vyote viwili, na inaruhusiwa.

Baada ya hapo nyumba ilirudi kuwa nyumba. Watu walianza kusema kwa sauti zao. Pasi alijaribu kupunguza kote ili barabara isionekane, akafanikiwa nusu. Kitindamimba alipoona zamu yake imefika alikumbuka ghafla kwamba kuna mtu mjini alimwahidi kitabu, lakini wifi alikuwa ameshafunga geti. Kwake mambo yalikwenda vizuri zaidi. Pasi alikuwa amekwisha kuelewa kwamba kichwa hakitaki kukandamizwa, na mdogo wake alinyamaza kwa hofu, kichwa hakikutikisika hata kidogo. Alipomaliza akampaka poda shingoni, akampiga kofi jepesi la mgongoni kama Baba alivyokuwa akifanya, na hakujua kama amefanya hivyo mpaka alipoona uso wa Kitindamimba.

Walikuwa wanafagia nywele iliposikika hodi. Aliingia Mzee Posta, jirani wa nyuma, aliyekuwa amestaafu kazi ya kupeleka barua. Kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote mtaani, na sasa nywele za miezi minne, nyeupe tupu, zilikifanya kionekane kama kinataka kuondoka peke yake. Shingoni alikuwa na taulo lake mwenyewe.

Walimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye stuli bila kukaribishwa.

"Nimesikia mashine," alisema. "Nikasema ama naota, ama wameanza bila mimi."

Pasi alimweleza kwa heshima kwamba yeye si kinyozi, na kama hasadiki, mdogo wake huyo hapo, amtazame. Mzee Posta alimtazama Mizani. Alitafakari. Akasema umri wake haumruhusu tena kuogopa vitu vidogo, na kwamba kwa miaka thelathini hakuna mtu mwingine aliyewahi kukigusa kichwa chake. Sasa akienda kwa mgeni ataanza kueleza upya ule uvimbe wa nyuma unazungukwa vipi.

Akaongoza mwenyewe. "Hapo polepole. Hapo kuna bonde. Panda sasa." Pasi alikwenda kama anavyoelekezwa. Na kwa kuwa alikuwa anakaa kwenye kiti cha kunyolewa, Mzee Posta alianza kuzungumza, maana hakujua namna nyingine ya kunyolewa. Aliwaambia mambo ya benchi. Waligundua kwamba mji mzima unajua jinsi Kitindamimba alivyokwama kwenye pipa la maji akiwa na miaka minne, na kwamba kila aliponyolewa mteja mpya alisimuliwa, na pipa liliongezeka kina mwaka hadi mwaka.

"Na wewe, mwanangu," alimwambia Pasi, "baba yako alikupandisha cheo kila likizo ikiisha. Mwanzo ulikuwa unapiga pasi. Baadaye ukawa msimamizi. Mwaka jana nadhani hakuna daktari aliyeweza kuingia chumba cha upasuaji mpaka wewe utie sahihi."

Mashine ilisimama juu ya utosi wake. Pasi alikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alipomaliza shule Baba alitaka asomee uuguzi. Alama hazikutosha, na ile siku alipoleta habari kwamba amepata kazi hospitalini, lakini chini, kwenye nguo, Baba alisema "sawa" akaendelea kunoa wembe. Hiyo "sawa" alikuwa nayo kwa miaka kumi na tisa.

Aliona ni vyema kusema ukweli. "Mzee, mimi bado napiga pasi. Sijapandishwa popote."

"Tunajua," alisema Mzee Posta. "Mke wangu alilazwa pale. Alikuona ukipita na rukwama la mashuka. Lakini nani angemkatiza? Mtu alikuwa akikutaja anaacha mkasi hewani. Tulikuwa tunanyolewa saa nzima." Akapapasa goti lake. "Ila kama una njia yoyote ya kunisaidia hili goti, sitakataa."

Mama aliingia ndani kuchemsha chai nyingine. Birika alilinyanyua mwenyewe, na hakuna aliyemkimbilia.

Kesho yake walikwenda wote kuondoa vitu kwenye duka la Baba, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa amesubiri vya kutosha, na alisubiri kwa ustaarabu. Lilikuwa na harufu yake ile ile ya poda na chuma. Walitoa kioo, benchi, kalenda tatu za miaka iliyopita ambazo Baba alizitunza kwa ajili ya picha. Kiti kilikuwa tatizo. Kilikuwa cha chuma tupu, na Mizani na Kitindamimba walipokiinua kilisogea kiasi cha kidole, kisha kikagoma.

Ng'ambo ya barabara muziki ulizimwa. Spika alikuwa akija, anajifuta mikono kwa taulo. Alimwamkia Mama, akawapa pole tena, halafu bila kuulizwa akainama upande wa tatu wa kiti. Walikifikisha nje kwa vituo. Alipopata pumzi alisema kwamba Mzee alimnyima salamu miaka sita, lakini kila Jumamosi asubuhi alitoka mlangoni kuhakikisha kwamba duka la Spika limefunguliwa, na siku aliyougua malaria alikuta mtu amemwachia machungwa mlangoni. Hakuwahi kuuliza ni nani. Angeuliza, angelazimika kupunguza muziki.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kiti hiki nikikipeleka nyumbani nitakuwa najigonga nacho kidole kila siku," alisema. "Kichukue. Watu wakikalie."

Spika alianza kukataa, kama inavyotakiwa, na Mama alimwambia asimchoshe. Kikavushwa barabara, magari yakisimama. Mteja wa kwanza kukikalia dukani kwa Spika alikuwa Mizani. Spika alikizungusha kichwa chake, akaikuta barabara, akatazama dari kwa muda. Aliomba ruhusa ya kuuliza ni nani aliyefanya kazi hii. Pasi aliinua mkono. Spika alisema kwa unyenyekevu kwamba mstari ni mzuri sana, ila uko mahali pasipo pake, na akatumia dakika arobaini kuuficha. Mama alikaa kwenye benchi lililovushwa pamoja na kiti, akisema redio, iliyokuwa imewashwa tena, ipunguzwe kidogo. Ikapunguzwa.

Siku zilizobaki zilikwenda kwa kelele. Walicheza karata, na Mama akaiba wazi wazi. Swali alipewa kochi la chini ya dirisha baada ya kuuliza mara tano kwa nini halina mtu. Ilitokea pia kwamba Baba alitajwa mezani na mtu akaondoka kwenda kunawa uso, na wengine walimwachia nafasi, wakamwekea chakula chake pembeni kisipoe. Siku ya tisa Mama aliwaambia waanze kufunga mizigo. Alisema amewafurahia kweli kweli, na sasa anataka kulala mchana bila mtu kuchungulia kama anapumua.

Pasi alirudi kazini siku iliyofuata. Makoti yalikuwa yamemngoja, rundo zima, na alianza na la juu. Alipofika la saba au la nane machozi yalimtoka kidogo, ambayo chini kule, kwenye mvuke, hakuna mtu angeyatofautisha na jasho. Aliyafuta kwa mkono wa gauni, akatundika koti, akachukua jingine. Mwenzake wa upande wa pili wa meza alimuuliza likizo ilikuwaje.

"Nilimharibu mdogo wangu kichwa," alisema Pasi, na akaanza kumsimulia tangu mwanzo, akiacha pasi imesimama hewani kila alipofika pazuri.